Kitenzi Kinachotaka Wawili

Meza yangu iko Leeds, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani.
Juma hili nimepewa vitenzi vya kutofautisha.
Mhariri, Bwana Postlethwaite, ameviweka kwenye faili la kijani
kama mtu anayekukabidhi kikapu cha paka watano:
"Hester, wapambanue hawa. Kabla ya Ijumaa."

Nikaanza na yule mrefu, mwenye asili ya Kilatini,
anayevaa tai hata akiwa nyumbani:
differentiate. Huyu hupima kwa rula, hacheki.
Contrast huwasimamisha wawili dirishani,
bega kwa bega, mpaka weupe wa mmoja
umfanye mwenzake aonekane mweusi.
Discern ana chekecheke la kale mfukoni,
haoni haraka, lakini akiona ameona.
Discriminate alikuwa muungwana,
akisifiwa kwa kuonja chai na kuutaja mlima ilikotoka.
Siku hizi akitajwa watu hukunja nyuso,
na kadi yake ina maana mbili zisizosalimiana.

Baba alichambua sufu, Bradford, miaka thelathini na minane.
Hakuwa na hata kimoja cha vitenzi hivi.
Alifumba macho, akazamisha vidole manyoyani:
ya bega huku, ya paja kule, ya tumbo chini,
vikapu kumi na kimoja,
na viganja laini kama vya mtoto kwa mafuta ya kondoo.
Ukimwuliza amejuaje, hujibu:
"Sufu imeniambia."

Na hapo ndipo nilipokwama. Tell.
Herufi nne, viatu vina matope.
Kazi yake ya kila siku ni kuambia, kusimulia,
kupeleka habari za jirani kwa jirani;
lakini mletee wawili wanaofanana
shilingi kwa ya pili,
ni huyuhuyu atakayejua nani ni nani.
Kana kwamba kumtambua mtu
ni kuwa na hadithi yake.

Mama alitutambua kwa ngazi.
Mabel alikiruka kipandio cha nne, kile kilichokuwa kikilia.
Mimi nilikikanyaga makusudi.
Shuleni walitufunga utepe, mwekundu na wa buluu;
tukabadilishana chooni,
kila mmoja akachapwa kwa kosa la mwenziwe.
Kurwa na doto hasa. Usiku mmoja
nilimsalimia Mabel kwenye kioo cha barazani
nikangoja ajibu.

Mabel alikufa Februari.

Nimeandika mifano sita, na yote inataka wawili:
ukungu na moshi,
kifaranga jike na dume,
sahihi ya kweli na ya kughushi.
Nimejaribu kukipa kitenzi kitu kimoja tu.
Kinasimama, kinageuka, kinachungulia nyuma ya sentensi
kumtafuta yule wa pili.
Sarufi haina jina la hali hiyo. Nimeuliza.
Bwana Postlethwaite alisafisha miwani yake, ikawa safi,
akaisafisha tena.
"Kiache kwanza," akasema. "Fanya vitenzi vya kupika."

Jumamosi, sokoni Todmorden,
Bibi Sutcliffe wa jibini, macho yameshamchoka,
wala habari hazijamfikia,
akanipungia kisu: "Mabel! Nimekuwekea lako,
lile linalobomoka!"

Ningeweza kumwambia.
Kitenzi nilikuwa nacho mdomoni
na maana zake zote mbili.
Nyuma yangu foleni ilikuwa ya watu wanne na mbwa,
na mvua imeanza kupiga turubai.
Mimi jibini hilo sijawahi kulipenda.
Nikafungua pochi. Nikauliza bei.

Nyumba ni ileile, ya Mama. Nikapanda na kifurushi changu
gizani, bila kuwasha taa,
moja, mbili, tatu,
na kipandio cha nne nikakiruka.